Miaka Saba ya Ndoa na Haki ya Uraia



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye na jamaa zake na sahaba zake, twaendelea na maongezi yetu ya kila juma. Safari hii twajibu swali la msomaji wetu mmoja, mwanamke mzaliwa wa Pemba aliyeolewa upande huu wa kwetu. Aeleza kwamba ndoa yake ina miaka kumi na moja, ana watoto watatu, na hati aliyo nayo mkononi ni ya ukaaji wa kudumu. Kila akimtajia mumewe habari ya kuomba uraia, hujibiwa, "Una haraka gani? Wewe u nyumbani kwako." Sasa auliza: je, neno hilo latosha? Na kama halitoshi, njia ni ipi?

Swali hili si la mtu mmoja. Watu wa pwani tangu zama hawakuoana kwa kuangalia mipaka. Majahazi yaliyopeleka boriti Uarabuni na kurudi na tende, yalirudi pia na wakwe na mashemeji. Ni nyumba ngapi za Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga zisizokuwa na mama wa Tanga, au nyanya wa Ngazija, au babu wa Hadhramaut? Mipaka ilipowekwa udugu haukukatika, lakini hati zilianza kudaiwa. Na katika kudaiwa huko, aliye dhaifu zaidi ni yule aliyeacha kwao akafuata mume.

Neno la mume huyo ni neno la mapenzi, nasi hatulipuuzi. Lakini nyumba ni kitu kimoja na nchi ni kitu kingine. Nyumba huongozwa kwa wema, na nchi huongozwa kwa sheria. Mume aweza kumfungulia mkewe mlango wa nyumba yake, wala hawezi kumfungulia mlango wa taifa kwa maneno matupu.

Tuanze na daraja zenyewe, maana wengi huzichanganya. Mgeni aliyeolewa na raia wa Kenya, au aliyemuoa raia wa Kenya, aweza kuomba ukaaji wa kudumu ndoa ikishatimiza miaka mitatu. Hati hiyo humpa ruhusa ya kuishi nchini bila ya kuhangaika na viza kila mara. Hata hivyo mwenye kuishikilia bado ni mgeni mbele ya sheria: kitambulisho chake ni cha mgeni, hapigi kura, na pasi yake ni ya nchi aliyotoka. Daraja ya juu yake ni uraia wa kuandikishwa, na hiyo hufunguka ndoa ikitimiza miaka saba. Dada yetu mwenye miaka kumi na moja ameshaupita mlango huo kwa miaka minne, wala hajaingia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 15, yasema mambo mawili ambayo yapasa kutofautishwa. La kwanza, mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba anastahiki kuandikishwa kuwa raia pindi akiomba. La pili, mtu aliyeishi Kenya kihalali miaka saba mfululizo aweza kuomba kuandikishwa, iwapo ametimiza masharti yaliyowekwa na Bunge. Tazameni tofauti ya maneno. Huyu wa pili aomba, naye aweza kupewa au asipewe. Yule wa kwanza adai kilicho chake. Mke au mume wa raia haendi afisini kuomba hisani. Aenda kuchukua haki ambayo Katiba imemwekea.

Haki hiyo ina masharti yake, nayo yametajwa katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa na sheria za Kenya, iwe ilifungwa hapa nchini au nje. Mwombaji asiwe miongoni mwa wahamiaji waliopigwa marufuku. Asiwe amepata kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Ndoa isiwe imefungwa kwa hila, kwa nia tu ya kujipatia uraia au ruhusa ya kukaa. Na la mwisho, mume na mke wawe wanaishi pamoja wakati ombi linapopelekwa.

Sharti hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana yake ni kwamba mwanamke aweza kukaa katika ndoa miaka kumi, kumi na tano, ishirini, akazaa na kulea, na kama hakupeleka ombi, kisha ikaja talaka, mlango ule wa haki ukamfungikia. Atabaki kutafuta njia ya pili, ile ya kuomba, yenye masharti mengi zaidi. Lakini yule aliyekwisha kuandikishwa hana khofu hiyo. Ibara ya 13 ya Katiba yasema wazi kwamba uraia haupotei kwa ndoa wala kwa kuvunjika kwa ndoa. Talaka yaweza kuondoa unyumba, uraia haiugusi.

Basi yule asemaye "una haraka gani" na afikiri. Miaka inayopita baada ya ule wa saba haimwongezei mkewe chochote katika haki hii, bali humwacha katika khatari isiyo na faida. Na wako waume wengine, Mungu awaongoze, ambao hawasemi hivyo kwa mapenzi. Hukataa kutoa nakala ya kitambulisho au kutia sahihi, ili mke abaki mnyonge, na kila ugomvi ukizuka amwambie kwamba atamrudisha kwao. Huyo ameigeuza hati kuwa kamba. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amewakataza wanaume kuwazuia wanawake kwa kuwadhuru, akayaita hayo ni kuidhulumu nafsi. Kukataza huko kulishuka juu ya mambo ya talaka na eda, lakini maana yake hawezi kuikosa mwenye akili: mke hawekwi ndani kwa kutishwa.

Tukumbuke pia mauti, kwani hayagongi hodi. Sheria hiyo ya 2011 haikumsahau mjane. Mtu aliyekuwa katika ndoa na raia, ambaye lau si kifo cha mwenziwe angelistahiki kuandikishwa ikitimia miaka saba, ameachiwa mlango wa kuomba. Lakini mjane aliye katika eda, mwenye watoto mkononi na wadai mlangoni, atatafuta wapi cheti ambacho marehemu alikiweka mahali asipopajua? Kazi iliyokuwa nyepesi mume akiwa hai, huwa mzigo mzito akishazikwa.

Na mirathi nayo yaingia hapa. Sharia yetu humpa mjane thumuni ya mali iwapo mumewe ameacha watoto, na robo iwapo hakuacha. Mali nyingi za pwani ni ardhi: kiwanja, shamba la minazi, nyumba ya udongo na chokaa iliyosimama tangu enzi za babu. Sasa Ibara ya 65 ya Katiba yasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa njia ya kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Na hata hati ikiandikwa kumpa zaidi ya hapo, itahesabiwa kuwa ni ya kukodi kwa miaka hiyo tu. Kwa hiyo mjane asiye raia aweza kupata fungu lake kwa Kadhi, kisha akalikuta limepungua mbele ya sheria ya ardhi. Aliye raia hulichukua kama wanavyochukua warithi wenziwe.

Tuje kwenye jambo ambalo sisi maimamu na masheikh twahusika nalo moja kwa moja, nalo ni cheti cha ndoa. Ndoa kwa dini yetu husihi kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari ya mke. Karatasi si nguzo ya ndoa. Lakini anayehesabu miaka saba si Sheikh, ni afisa wa serikali, naye hana cha kuhesabia ila tarehe iliyoandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imezitambua ndoa zetu, na imetaka zifungishwe na Kadhi, Sheikh au Imamu aliyeidhinishwa na Msajili, kisha ziandikishwe. Ndoa iliyofungwa sebuleni, ikaliwa biriani na halua, na isiandikwe popote, ni ndoa mbele ya Mungu kama nguzo zake zimetimia. Mbele ya dirisha la uhamiaji ni maneno.

Na jambo la kuandika si geni kwetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yaamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Ikiwa deni la pesa latakiwa kuandikwa ili mtu asidhulumiwe, itakuwaje haki ya maisha mazima ya mwanamke na makazi yake? Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina alifanya ile hati iliyotaja Muhajirina, Answari na makabila ya Kiyahudi, haki zao na wajibu wao. Waliokuja na waliowakuta waliwekwa katika maandishi mamoja.

Kwa hiyo ambaye ndoa yake haina cheti, na aanze hapo kabla ya kufikiri uraia. Kama aliyeifungisha yu hai, aendewe. Kama mashahidi wapo, watafutwe sasa, wasingojwe hadi wafe. Mahakama ya Kadhi ndiyo yenye mamlaka juu ya mambo ya ndoa baina ya Waislamu, na huko ndiko pa kupeleka shauri la ndoa isiyo na maandishi. Aliyeolewa kwao, kama dada yetu wa Pemba, na apate nakala iliyothibitishwa na waliomfungisha huko. Na mke wa pili au wa tatu asidhani kwamba haki hii ni ya mke mkubwa peke yake. Sheria ya 2014 imeikubali ndoa ya Kiislamu kuwa yaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, na Ibara ya 15 haikubagua. Kinachotakikana ni ndoa iliyo wazi na yenye cheti.

Hapa sharti niwageukie pia akina mama waliozaliwa Kenya na kuolewa na wageni. Kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, Katiba ya zamani ilimpa haki ya kuandikishwa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya, wala haikumpa mwanamume mgeni aliyemuoa Mkenya. Na mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa baba tu. Mama Mkenya hakuwa na cha kumrithisha. Hayo yameondoka. Sasa mume wa Kiyemeni, wa Kikomoro au wa Kikongo aliyemuoa binti wa Kenya ana haki ile ile ya miaka saba. Na mtoto, popote alipozaliwa, ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama alikuwa raia siku ile ya kuzaliwa. Watoto watatu wa dada yetu ni raia tangu siku yao ya kwanza, na wakiandikishiwa vyeti vya kuzaliwa mapema, hawatakuwa na haja ya kuomba.

Wako pia wale wasiokuja kwa ndoa: mwalimu wa madrasa kutoka ng'ambo, mfanyabiashara, fundi. Hawa njia yao ni ile ya pili. Aliyekaa kwa kibali cha kazi miaka saba, na miaka mitatu ya mwisho bila ya kuondoka, aweza kuomba ukaaji wa kudumu. Ama uraia, atatakiwa awe mtu mzima aliyeishi kihalali miaka saba mfululizo, aijue Kenya na wajibu wa raia, asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, na aonekane kuwa mwenye mchango katika maendeleo ya nchi. Tena atatakiwa aelewe na aweze kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Sharti hili, kwa mtu wa Unguja au Tanga, sidhani kama litamkosesha usingizi.

Katika njia hii neno "kihalali" lina uzito mkubwa. Ndugu zetu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusiwa kuingia na kukaa hadi miezi sita bila ya malipo. Wengi huingia kwa ruhusa hiyo, ikamalizika, nao wakaendelea kukaa mwaka baada ya mwaka kwa kudhani kwamba maadamu ni majirani hapana neno. Miaka hiyo haihesabiki katika ukaaji wa kihalali, na kukaa bila ya kibali ni kosa. Hata aliye mke wa raia, ambaye miaka yake huhesabiwa kwa ndoa, ni bora atengeneze hati zake za kukaa kwanza ndipo aende kudai uraia.

Jambo jingine la kutazama kabla ya kupeleka ombi ni uraia wa kwanza. Kenya yakubali uraia pacha, na Katiba yasema kwamba uraia waweza kutolewa kwa aliye raia wa nchi nyingine. Lakini kila nchi ina sheria yake. Tanzania kwa jumla haikubali mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Basi dada yetu, na kila aliye kama yeye, na aulize ubalozi wa nchi yake kabla ya kutia sahihi, hasa ikiwa ana shamba au urithi huko kwao. Apime kwa utulivu, ashauriane na wazee wa pande zote mbili, wala asishtukizwe baadaye.

Ombi lenyewe hupelekwa kwa Idara ya Uhamiaji kwa njia ya mtandao wa serikali, kisha mwombaji huitwa na hati zake asili kwa mahojiano. Aghalabu huhitajiwa pasi ya nchi yake, hati ya ukaaji, cheti cha ndoa, kitambulisho cha mume au mke aliye raia, picha, na cheti cha polisi cha tabia njema. Majina katika hati zote yawe mamoja. Aliyeandikwa Mwanaisha mahali pamoja na Aisha mahali pengine atengeneze jambo hilo mapema. Ahifadhi risiti na nambari ya faili, kwani safari hii huchukua muda. Na iwapo atakataliwa, Ibara ya 47 yampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na milango ya mahakama i wazi.

Nawaonya sana juu ya njia ya mkato. Wako madalali wanaouza vyeti vya kuzaliwa, wakamfanya mzaliwa wa Ngazija kuwa mzaliwa wa Matuga, na wazee wakaja kushuhudia wasilolijua. Ushahidi wa uongo Mtume ameuhesabu katika madhambi makubwa. Na kwa sheria, Ibara ya 17 yaruhusu uraia wa kuandikishwa kuondolewa ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi, hata baada ya miaka mingi. Kwa nini mtu aibe kitu ambacho Katiba yampa bure kuwa haki yake?

Na kwa anayedhani kwamba karatasi zaweza kungoja, awatazame ndugu zetu Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walizaa, wakazika, wakajukuu, bila ya kitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipofunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi ndipo ikaamriwa waandikishwe. Wapemba walioishi pwani yetu vizazi kadha wakivua samaki walingoja hadi 2023. Deni la hati lisipolipwa na wazazi, hulipwa na wajukuu.

Kwa hiyo, waume zangu wapenzi, uraia wa mke ni amana iliyo mikononi mwenu tangu siku ya mwaka wa saba. Toeni vyeti, tieni sahihi, fuataneni nao hadi dirishani. Mama zangu na dada zangu, fungeni nakala za hati zenu pahali pa salama mnapopajua wenyewe. Na nyinyi maimamu wenzangu, msifungishe ndoa mkaondoka bila ya kuandika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu, awahifadhi wageni waliotufuata kwa mapenzi, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana kwa wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.